Nyumba Mgongoni, Mgeni Mezani

Kobe na konokono walipewa nyumba mgongoni bila kuulizwa. Ni binadamu peke yake anayekwenda benki kuomba mkopo ili naye abebe yake. Shemeji yangu anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, ana nyumba ya vyumba vinne na vyoo viwili na nusu (hiyo nusu hakuna aliyewahi kunieleza ikanikaa), ana baraza, ana gereji, ana majani ya kukata kila Jumamosi. Pamoja na neema zote hizo, amenunua kijumba cha kupachika kwenye bodi ya pikapu, wenyewe wanakiita kempa, na wageni anawasifia hicho kwanza kabla hajawatajia kwamba binti yake amemaliza chuo.

Sina ugomvi na safari. Mtu aliyekulia Tanga, akapanda mabasi ya enzi zile amekaa juu ya gunia la machungwa huku kuku wa abiria mwenzake wakimdonoa kifundo cha mguu, hatishwi na barabara. Ugomvi wangu ni na hili wazo kwamba ukitaka kuiona dunia ni lazima uondoke na jiko lako, choo chako na godoro lako, ili popote utakapofika usimhitaji mtu. Sisi safari yetu hutoka kwa watu kwenda kwa watu. Ukishabeba na choo, umewaaga walimwengu.

Chanzo cha yote ni harusi. Mtoto wa kaka yake shemeji alikuwa anaoa Sacramento, California, mwishoni mwa Aprili, nami nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada. Dada yangu, ambaye akili za ukoo wetu zilimwishia yeye, alikata tiketi ya ndege. Kisha akaniita jikoni, akafunga mlango, akasema, "Kaka, nakuomba umsindikize mume wangu. Asiende peke yake na lile dude." Sasa mtu umekula kwa dada yako siku zote hizo, utajibu nini? Kutoka Columbus hadi Sacramento ni karibu kilomita 3,800. Hiyo ni Dar es Salaam hadi Mwanza mara tatu, na chenji inabaki.

Lile dude lenyewe nje linapendeza, lina madirisha na pazia. Kazi iko ndani. Sehemu ya mbele inajitokeza juu ya paa la pikapu, na huko juu ndiko kitanda cha mwenye mali. Godoro ni zuri, lakini kati ya pua na dari ni shubiri chache. Ukishtuliwa na ndoto usiku, asubuhi una nundu. Mimi, mgeni rasmi, nilipewa meza. Naomba nieleweke: meza. Ile meza ya kulia chakula inakunjwa mguu wake mmoja, inashuka hadi usawa wa viti, mito inapangwa juu yake, na hapo ndipo mgeni anapolala. Maana yake ni kwamba mgeni halali mpaka watu wamalize kula, na watu hawali mpaka mgeni aamke. Tulikuwa wawili tu na bado tuliishi kwa zamu. Nikisimama kuvaa suruali, shemeji ilimlazimu apande kitandani kupisha. Akitaka kuchemsha chai, wa kutoka nje ni mimi, niwe nimevaa au sijavaa.

Kuhusu bafu, limo ndani ya choo, au choo kimo ndani ya bafu, wataalamu hawajakubaliana. Unakaa juu ya choo, unafungua maji, unaoga umekaa, na karatasi za chooni zinaoga pamoja nawe. Maji yenyewe ni ya kuhesabu: unajilowesha, unafunga bomba, unapaka sabuni unatetemeka, unafungua tena kidogo. Utotoni tulioga kwa ndoo na kata tukiambiwa tusome kwa bidii tuepukane na maisha hayo. Shemeji alisoma kwa bidii, akawa mhandisi, na matokeo ndiyo hayo.

Halafu kuna suala la uzito. Kila pikapu ya Marekani ina kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi kilo kadhaa. Shemeji anakijua kibandiko kile kuliko tarehe ya ndoa yake. Kijumba chenyewe ni mzigo. Mitungi ya gesi ni mzigo. Betri ni mzigo. Maji ndiyo adui mkubwa, kwa sababu kila lita ni kilo moja na tangi linameza zaidi ya lita mia. Jioni ya kuamkia safari, mbele ya majirani waliokuja kutuaga, shemeji alitoa daftari akaniuliza kwa sauti, "Shemeji, una kilo ngapi?" Nikamtajia za mwaka 2009. Akalitazama tumbo langu, akaandika nyingine.

Sanduku langu likabaki Columbus. Nikaruhusiwa mkoba mmoja, na unga wa sembe ambao uliokolewa na kura ya dada.

Kwetu dereva wa lori akiikaribia mizani ya Vigwaza husoma dua zote anazozijua. Shemeji alijipeleka mwenyewe kwenye mizani ya kituo cha malori nje ya Indianapolis, akalipa kwa hiari yake, akapewa karatasi ya matokeo, akaisoma huku anachekelea. Tulikuwa chini ya kikomo kwa kilo thelathini. Akanikataza kununua tikiti maji.

Barabara kuu za huko zina namba, na namba zina adabu: za shufwa huenda mashariki na magharibi, za witiri huenda kaskazini na kusini. Sisi tulishika ya 70, tukaingia ya 74, tukaja kuangukia ya 80, ile inayoanzia New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York, na kuishia San Francisco. Aliyeidhinisha mtandao huo ni Rais Eisenhower, kwa sheria aliyotia saini mwaka 1956. Mwaka 1919, akiwa ofisa kijana wa jeshi, aliandamana na msafara wa malori ya kijeshi kutoka Washington hadi San Francisco. Ukachukua siku 62, matope mpaka kwenye ekseli, madaraja yakivunjika chini ya magari. Mtu akishakaa siku 62 kwenye lori, halafu siku moja akapewa nchi, atafanya nini zaidi ya kujenga barabara? Namwelewa kabisa.

Shemeji ana mashujaa wengine. Wa kwanza ni daktari Horatio Nelson Jackson, ambaye mwaka 1903 aliwekeana dau la dola 50 kwamba atatoka San Francisco hadi New York kwa gari. Alifika baada ya siku 63, akiwa ametumia dola zipatazo 8,000 kwa ajili ya hizo 50. Njiani alimpata mbwa aitwaye Bud, akamvalisha miwani ya kuzuia vumbi. Wa pili ni mwandishi John Steinbeck, ambaye mwaka 1960 aliagiza pikapu yenye kijumba mgongoni, akaibandika jina Rocinante, la farasi wa Don Quixote, akazunguka nchi nzima na mbwa wake Charley. Pikapu hiyo imehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho yake huko Salinas, California. Haya yote shemeji alinisimulia tukiwa Indiana, kwa unyenyekevu wa mtu anayejihesabu wa tatu katika mlolongo huo.

Mimi nikaona jambo jingine. Safari hizi zote zina mbwa, na sisi mbwa hatuna. Nikakitazama kiti nilichokalia, dirisha lililoshushwa nusu, na mkono wa shemeji unaonipitishia biskuti bila yeye kugeuka. Nikala, nikanyamaza.

Tulipovuka Mississippi na kuingia Iowa, tukasimama Walcott, kwenye kituo cha malori kinachojiita kikubwa kuliko vyote duniani. Kina kinyozi, kina sinema, kina makumbusho ya malori, kina hata daktari wa meno. Mwanzoni nilijiuliza daktari wa meno anafanya nini kituo cha mafuta. Kisha nikakumbuka nilivyotikiswa tangu Ohio, nikayapapasa yangu moja moja.

Hapo ndipo nilipoona tunachokunywa. Nyumba haikuumbwa kupasua upepo. Pikapu ile ikibeba kempa inakwenda kilomita nne kwa lita moja, na hizo ni zile siku ambazo upepo unatupenda. Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya biskuti: karibu lita elfu moja mpaka Sacramento. Nikamwonyesha shemeji. Akaisoma, akasema, "Lakini tumeokoa pesa ya hoteli." Mtu wa namna hiyo hubishani naye, unamwombea.

Urefu nao una mambo yake. Kwenye dashibodi amebandika karatasi iliyoandikwa MITA 3.6, ili asisahau akaingia chini ya kitu kifupi akatoka na pikapu peke yake. Sasa migahawa mingi ya huko unaagiza ukiwa ndani ya gari, unapita chini ya paa, unapokea dirishani. Sisi hatupiti. Usiku mmoja tuliegesha mbali nikatumwa kwa miguu. Ukumbi wa ndani ulikuwa umeshafungwa, kwa hiyo nikajipanga kwenye foleni ya magari, mbele yangu gari, nyuma yangu gari, katikati mzee mwenye kofia ya viua. Nilipofika dirishani kijana akaniambia kwa upole kwamba hawahudumii watu wasio na gari. Nikamwonyesha gari letu lilipo. Akasema nilisogeze. Nikamwambia haliingii. Akasema pole. Tulikula mikate na sardini, mezani, yaani kitandani kwangu.

Lakini aibu kamili ilitukuta Des Moines. Katika miji ya Iowa wamehamia Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, na mmoja wao, mtu wa Uvira, aliwahi kufanya kazi na shemeji. Alisikia tunapita, akasema hatupiti. Tulipofika tukakuta sombe, samaki, ndizi za kukaanga, na bugali mlima. Watoto walikuwa wameshahamishiwa sebuleni, shuka mpya zimetandikwa, taulo mbili zimekunjwa juu ya mto. Tulikula mpaka nikaanza kuogopa mizani.

Ilipofika saa ya kulala, shemeji akanyoosha mgongo, akasema neno ambalo sitamsamehe: "Msisumbuke jamani, sisi tumekuja na nyumba. Tutalala hapo nje."

Chumba kikanyamaza. Mwenyeji wetu akamtazama mkewe, mkewe akaitazama sufuria. "Bageni balale inje," akasema polepole, "na nyumba iko?" Shemeji akaeleza habari za uhuru, za godoro alilolizoea, za kutowapa watu taabu. Kila alivyoeleza ndivyo yule bwana alivyozidi kuumia. "Asubuhi batu ba huku batasema nini? Batasema tulibanyima kitanda." Mkewe akanivuta kando akaninong'oneza, "Papa, kuna kitu tuliwakosea?"

Mimi viatu nilishavua. Nililala kitanda cha mtoto wao, shuka za katuni, miguu ikining'inia nje kuanzia magotini, na sijalala usingizi mtamu hivyo tangu Ohio. Shemeji akaenda kwenye kempa yake. Mwenyeji hakuweza kulala na mgeni yuko nje: akatoka kumpelekea blanketi, akatoka tena kumpelekea chai, mwisho akachukua kiti akakaa mlangoni mwa kempa amejifunika koti, akimpigisha soga ili asijione mpweke. Mpaka saa saba za usiku nilikuwa nasikia sauti zao. Asubuhi shemeji macho mekundu, mwenyeji shingo haigeuki. Nyumba ya kutowapa watu taabu.

Nebraska inahitaji subira ya aina nyingine. Kati ya Lincoln na Grand Island barabara inakwenda zaidi ya kilomita mia bila kona ya kuitwa kona. Kushoto mashamba ya mahindi, kulia mashamba ya mahindi, na mahindi yenyewe kwa Aprili bado hayajaota. Kwa kuwa tunakwenda magharibi, kila siku kuanzia alasiri jua linahamia kwenye kioo cha mbele na kukutazama usoni mpaka lizame. Halafu kuna mchezo wa saa. Kutoka Ohio hadi California saa inarudishwa nyuma mara tatu, na shemeji ni mtu wa kanuni: chakula cha mchana ni saa sita kamili ya mahali tulipo. Tunakaribia saa sita, mate yananijaa, mara tunavuka mpaka, anatangaza, "Sasa ni saa tano." Nimeshafunga Ramadhani nyingi, lakini jua la Ramadhani halikurudishwa nyuma hata siku moja.

Jioni tunaingia kambini, na hapo kazi inaanza upya. Friji ya gesi haipozi vizuri ikiinama, kwa hiyo shemeji anatoka na pimamaji. Anaiweka sakafuni, anaitazama, ananiamuru niweke ubao chini ya tairi la kulia, anasogeza gari, anatazama tena. Ubao mwingine. Nyuma kidogo. Mafundi waashi waliojenga nyumba yangu Tanga wangepima hivi, mlango wa stoo ungefungika. Tunamaliza gizani, kipovu kiko katikati, shemeji anashukuru Mungu. Kisha mimi naingia ndani, nakaa upande wangu, na kipovu kinahama.

Sasa niseme lile ambalo wenye kempa hawalipigi picha. Unachokiacha chooni hakiendi popote. Kinasafiri nawe. Kiko kwenye tangi chini ya sakafu, kinavuka nawe mito na majimbo, na mwisho wa siku ni lazima mtu akitoe. Kwetu shimo likijaa unapiga simu, linakuja gari la kunyonya majitaka na vijana wake wenye ujuzi, unawalipa, unakaa mbali upande upepo unakotokea. Huko mhandisi mwenye shahada mbili anavaa glavu, anavuta bomba nene kutoka ubavuni mwa nyumba yake, analiingiza kwenye shimo, anavuta kijiti, halafu anasimama kusikiliza. Nyuma yake kuna foleni ya wazee wastaafu wenye kempa zao, wanaongea habari za hali ya hewa, wote wana furaha. Mmoja alinipa mkono. Aliuvua glavu kwanza, lakini bado.

Wyoming ndiyo iliyotukomesha. Karibu na Laramie barabara ya 80 inafika kimo cha mita 2,633, mahali palipo juu kuliko pote katika njia hiyo, na hapo kuna sanamu ya kichwa cha Abraham Lincoln kikiwa juu ya nguzo ya mawe, kinatazama chini kwa huzuni. Ukiwa kwenye kempa unajua anachohuzunikia. Upepo wa huko unasukuma. Shemeji alikuwa anashika usukani kwa mikono miwili na meno. Tulipoingia Laramie mabango ya taa yakatangaza kwamba barabara mbele imefungwa kwa magari marefu yaliyo mepesi. Safari nzima tumehangaika kupunguza uzito, nikaachishwa tikiti maji, sasa tunaambiwa wepesi ni kosa.

Tukajibanza kwenye kituo cha malori. Lori lililokuwa jirani yetu lilikuwa na trela tupu, nalo limezuiwa, na dereva wake alikuwa kijana wa Kitale. Aliposikia nalalamika kwa Kiswahili alishuka mbio. Akatukaribisha atuonyeshe kwake. Nyuma ya kiti cha dereva ana kitanda ambacho mtu anakaa wima bila kujigonga, ana friji, ana maikrowevu, ana runinga. Nikaketi kitandani pake, kichwa juu, nikajihisi binadamu. Kisha akaomba kuona kwetu. Akaingia, akageuka mara moja, maana nafasi ya kugeuka mara mbili haipo, akaona mito yangu juu ya meza.

"Kwa hivyo mzee wewe unalala kwa meza?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na hii kazi mnalipwa na nani?"

Shemeji akamweleza kwamba si kazi, ni likizo. Kijana akatutazama kwa zamu. "Mimi nalipwa kwa maili ndio nikubali kulala barabarani. Nyinyi *mnalipa*?" Akacheka mpaka akashikilia kioo cha lori. Nilimpenda papo hapo. Jioni nilitoa ule unga uliookolewa kwa kura, yeye akatoa sukuma na nyama, sufuria ikatoka kwake kwa kuwa ya kwetu ni ya kuchemshia yai, na nikasonga ugali ambao upepo wa Wyoming ulijaribu kuung'oa ukashindwa.

Mbele ya Rawlins kuna bonde pana ambalo mvua ikinyesha maji yake hayaendi Atlantiki wala Pasifiki. Yanazunguka humo humo mpaka yanakauka. Nilipita hapo nikayapungia mkono.

Utah, magharibi ya Salt Lake City, dunia inageuka chumvi tupu. Hapo Bonneville ndipo watu huenda kuvunja rekodi za mwendo, na mwaka 1970 Gary Gabelich alipita kilomita 1,000 kwa saa kwa gari lililoendeshwa kwa gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika. Sisi tulipita mahali hapo hapo kwa 90, na gesi yetu ilikuwa ya chai. Nevada ni kubwa na kavu, tumeipita, yatosha.

Mlima wa mwisho ni Sierra Nevada, kwenye kipito cha Donner. Theluji bado ilikuwa imelundikana kando ya barabara, mkate ulikuwa umetuishia tangu asubuhi, na hapo ndipo shemeji alipochagua kunisimulia habari za kundi la Donner: wahamiaji walionaswa na theluji milimani humo katika majira ya baridi ya 1846 na 1847, njaa ikawazidi, baadhi yao wakala miili ya wenzao waliokufa. Alipomaliza tukawa kimya. Nikakumbuka kwamba kilo zangu anazo kwenye daftari.

Sacramento tukapokelewa kwa vigelegele. Sasa sikilizeni mwisho wa nyumba ya kubeba. Mtaa wa kaka yake shemeji una kamati, na kamati ina kanuni: kempa hairuhusiwi kulala barabarani wala mbele ya nyumba ya mtu. Ikabidi shemeji aipeleke kambi ya kulipia nje ya mji. Akalipa. Halafu akakataa kuiacha peke yake. Kwa hiyo sisi tuliolala kwa watu tulilala bure, na mtu mwenye nyumba mbili alilipia mahali pa kulala ili mojawapo isione upweke.

Siku ya pili ya harusi aliruhusiwa kuileta kwa saa chache, watu waione. Wakapanga foleni. Wa kwanza kuingia alikuwa mama yake mzazi, aliyeletwa kutoka Pangani kwa ajili ya mjukuu. Bibi akapanda vile vingazi, akashika pazia, akafungua choo, akakifunga haraka, akakitazama kitanda cha juu. Akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, nyumba nzuri. Na mgeni akija, analala wapi?"

"Mezani, mama."

"Mezani?" Bibi akanitafuta kwa macho katika ule umati mpaka akanipata. "Umemlaza shemeji yako mezani, toka huko mpaka huku? Kaka wa mkeo?" Akasema astaghafirullah kwa sauti ambayo hata kamati ya mtaa ilisikia. Mbele ya ukoo wote, mhandisi wa watu akainamisha kichwa, na kwa kuwa alikuwa ndani ya kempa, alipokiinua alikigonga.

Msidhani amejifunza. Asubuhi iliyofuata alinionyesha kwenye simu kempa nyingine, kubwa kuliko hii, ambayo ukibonyeza kitufe ubavu wake mmoja unatoka nje na sebule inapanuka. Hiyo, asema, ina nafasi ya mgeni. Lakini ni nzito, inataka pikapu yenye matairi mawili mawili nyuma. Pikapu inataka mkopo. Mkopo unataka saini ya dada yangu. Na dada yangu, katika mambo ya pesa, humsikiliza mtu mmoja tu, naye ni kaka yake. Ndiyo sababu tangu jana shemeji ananichemshia chai ya tangawizi kwa mkono wake na kunitandikia kitanda. Mimi nakunywa, namwambia nalifikiria, na kwamba kesho aongeze iliki.